Kadi ya Neno Libertate

Ndugu Octav Brânzei, mkaguzi kutoka Chama cha Kikomunisti, alitundika koti lake kwenye msumari wa nyuma ya kabati, akabwaga mezani kadi moja ya kamusi ya Kiromania.

"Libertate," alisoma. "Maana yake, uhuru. Asili yake, Kifaransa na Kilatini. Kumbe uhuru wetu una wajomba Paris! Na Warusi waliotukomboa ni wapita njia tu, siyo?"

Hakuna aliyecheka. Katika Bukareshti ya mwaka 1952, watu walipelekwa kambini kuchimba Mfereji wa Danube kwa kosa dogo kuliko hilo, na wengi hawakurudi. Mlangoni walisimama askari wawili, mmoja ameshika hati ya kukamatia mtu, iliyokwisha kugongwa muhuri. Kilichobaki ni kujaza jina.

Ilinca alimtupia jicho mzee Zamfir, mwalimu wake. Kamusi hii mzee aliianza kabla ya vita, yeye na wanafunzi walioandika kadi kwa malipo ya sahani ya supu. Sasa alikuwa akikohoa damu. Huko Mferejini asingemaliza wiki.

Kadi zote zilipigwa taipu kwa mashine moja. Jina la mwandishi liliwekwa nyuma, lakini hii ilikuwa imechakaa, ikabandikwa kwa gundi kwenye kipande cha boksi kama kadi zote kuukuu, na jina likafichika.

"Leteni birika," mkaguzi alisema. "Gundi ya humu haiwezi mvuke."

Ilinca aliruka kutoka kitini. "Ni yangu! Nimeiandika mimi!"

"Wewe? Tarehe si hii hapa, thelathini na sita? Ulikuwa bado unakojoa kitandani, binti. Unamficha nani?"

Ilinca alibaki amesimama mbele ya meza.

"Kaa chini, mwanangu," mzee Zamfir alisema, akainuka na kuweka birika juu ya jiko la pembeni kwa mikono yake mwenyewe. Ilinca alimwonea uchungu, akamkasirikia pia. Mtu anajichemshia maji ya kuoshea maiti yake!

Mvuke ulipopanda, Brânzei aliishika kadi juu yake, akaibandua taratibu kwa ukucha, akaigeuza.

Askari mwenye hati alichovya kalamu. "Jina, Ndugu Mkaguzi?"

Brânzei aliendelea kuikodolea macho kadi.

"Jina, Ndugu?"

Askari alisogea, akainamia kadi na kusoma kwa sauti, polepole, kama mtu aliyejifunza kusoma ukubwani: "Oc-tav... Brân-zei... mwa-na-fu-nzi."