Saba ya Mama

Binti alirudi nyuma hatua mbili aitazame kazi yake. Kava la mbele la pikipiki ya baba yake, lile refu la kukinga upepo lililoundwa enzi zake za mashindano ya mbio ili mwendeshaji alale juu ya tangi, sasa lilikuwa jeupe pe. Rangi ya miaka ishirini na mitano ilikuwa imeishia kwenye msasa na kopo la thina ya kuyeyushia rangi.

"Mzee, njoo uone! Leo utakana kwamba ni lako."

Baba akaja akifuta mikono, kicheko tayari mdomoni. Kikamfia hapohapo.

"Saba iko wapi?"

"Ile namba ya buluu iliyofifia? Nitakuandikia mpya, Baba. Iliyonyooka."

"Aliiandika mama yako kwa mkono wake. Ulikuwa tumboni."

Mama alifariki siku ya kumzaa, na hakuacha picha wala barua. Binti alitazama tambara alilolishika. Lilikuwa na doa la buluu, bado bichi.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nilidhani nilishakuambia."

"Basi nichoree ilivyokuwa. Tafadhali, Baba."

Baba akachovya kidole kwenye thina iliyogeuka buluu, akachora saba juu ya kava. Akatikisa kichwa, akaifuta kwa kiganja. Akachora nyingine, mkia umepinda kushoto. Akaifuta. Alipoanza ya tatu, kidole kikabaki hewani.

"Ilikuwa na mkia," alisema. "Nadhani ilikuwa na mkia."