Koleo Chini

"Hupigi mswaki, mama," daktari wa meno alisema, koleo mkononi. "Tung'oe jino hili na jirani yake."

Mwalimu, aliyelala kwenye kiti cha matibabu, alimdaka mkono. Ufizi ulimvuja damu, ulimi umegandamana na kaakaa kwa ukavu. Miaka miwili alikuwa akisugua meno kutwa mara tatu, na kila alipoitwa mchafu alinyamaza.

Leo alipiga funda la maji, akakaa wima.

"Kikulacho ki nguoni mwako, daktari. Kinga ya mwili wangu yenyewe inashambulia tezi za mate. Kinywa kikikauka, meno huoza hata ukiyasugua mpaka kesho. Mimi si mchafu, ni mgonjwa. Weka koleo chini, uchukue kalamu."

Daktari aliweka koleo chini, akavuta kiti.

"Haya, mwalimu. Tangu lini?"