Alama Ubavuni

Limbu, katibu wa ushirika wa pamba, aliishusha kompyuta kutoka kwenye baiskeli akaingia nayo ofisini kwa mradi uliowaletea kompyuta hiyo, mjini Bariadi.

"Mwaka huu wa 2000 kila risiti inatoka imeandikwa 1900," alisema. "Wakulima wanazikataa, wanawauzia wanunuzi binafsi. Itengenezeni."

"Mzee, tuliwapa, ni yenu," alijibu mtaalamu wa mradi. "Programu ikiharibika, mtafute fundi wenyewe mumlipe."

Limbu alibaki ameikumbatia, hajui pa kuiweka. Kwao, ukikabidhiwa ng'ombe wa mtu unakunywa maziwa, lakini akiugua unampa mwenyewe taarifa, na akifa unampelekea ngozi aione alama yake. Hawa walisema wamewapa moja kwa moja, lakini kila msimu walikuja kuipiga picha.

"Kama ni yetu," aliuliza taratibu, "hii ni alama ya nani?"

Akaigeuza ubavu. Nembo ya mradi ilikuwa imebandikwa pale, rangi zake bado zinang'aa.

Mtaalamu aliisogelea. Halafu akainama, akaanza kuibandua kwa ukucha.