Nyumba ya Loisi Yaenda Mjini

Kitanda cha Loisi ndicho kilichotolewa mwisho. Denis, kijana wa mradi wa kumbukumbu, alikiburuta mwenyewe hadi kwa jirani, baada ya vyungu na godoro.

"Enzi za Wajerumani hakukuwa na vitanda vya chuma, bibi," alieleza. "Vinaharibu picha."

Loisi hakubisha. Kwa wiki tatu wataalamu walikuwa wameipiga picha nyumba yake, kila ufa na kila boriti, kwa kuwa ndiyo tembe pekee iliyobaki upande ule wa Chamwino. Uani walisimika mlingoti wenye kamera, ili mashine yao mjini ipate habari mpya kila saa. Miaka nenda miaka rudi majirani wenye mabati walimcheka kwa kulala chini ya paa la udongo. Leo alipanda gari lenye kiyoyozi, na majirani haohao wakabaki kula vumbi lake. Njiani walipishana na tingatinga lililoelekea kijijini.

Ukumbini mgeni rasmi alihutubia mpaka maji yakamwishia mezani. "Mchwa hawatautafuna tena urithi huu," alisema. "Mvua haitaugusa. Umo ndani ya kompyuta, salama milele!"

Makofi yakalipuka. Loisi naye akapiga, tena kuliko wote.

Kisha Denis akamvika miwani mikubwa, akaanza kuzungusha miaka. Mwaka wa 1912: zizi la miiba, ng'ombe, vibuyu mlangoni. Mwaka wa 1960: mama mkwe wake, aliyechorwa kutoka picha yake moja ya zamani, akipepeta uwele. Loisi alipiga goti palepale kwenye zulia, akamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, mama!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mgeni rasmi akafuta machozi.

"Zungusha tena, mjukuu wangu," Loisi alisema.

Denis akazungusha. Loisi akageuka kushoto, akageuka kulia. Hapakuwa na nyumba, wala zizi, wala kichuguu. Ardhi nyekundu tu, tambarare kama uwanja uliofagiliwa.

Akacheka. "Mmenirudisha mbali mno! Hapa hata babu yake mume wangu hajachimba shimo la nguzo ya kwanza."

Denis alitazama tarehe kwenye kioo. Mgeni rasmi ndiye aliyejibu, kwa fahari ya mtu aliyenunua kitu kisichomwangusha.

"Hapana, mama. Hiyo ni leo, saa nne asubuhi."