Kikohozi Kabla ya Ubeti wa Pili

Kila maonyesho, mume wangu hutumia wimbo uleule kuuza spika: mwanamke na gitaa lake, basi. "Sauti tu hiyo, mke wangu. Mwenyewe hata simjui," husema, nami humeza wivu kama dawa chungu.

Leo tumeleta spika mpya, zinazotoa hata mnong'ono. Wateja wameketi, yeye amefumba macho.

Kabla ya ubeti wa pili nikasikia pumzi ya yule mwanamke, na ukucha ukikwaruza uzi. Halafu, humohumo wimboni, karibu naye kabisa, mwanamume akakohoa mara mbili, akaguna.

Kikohozi hicho huniamsha kila asubuhi, mwaka wa kumi na moja huu.

Mume wangu akafumbua macho.

"Safi sana! Hebu rudia hapo," mteja akasema.

"Narudia, mzee," nikamjibu, nikaongeza sauti.