Balbu ya Pini

Bi Siwatu alisimama juu ya stuli, akaiingiza balbu kwenye holda. Ikazunguka bure, ikamrudia mkononi. Wiki nzima chumba chake kilikuwa gizani.

Hemedi, mwanawe, akanyoosha mkono amsaidie.

"Mwache," alisema Sharifa, mkewe, ambaye ndiye aliyeinunua balbu hiyo. "Jaribu tena, mama."

Akajaribu. Ikarudi.

Sharifa akamgeukia mumewe. "Umeona, baba Latifa? Hata balbu! Huyu ni wa kupelekwa shamba, akatunzwe na dada yake."

Bi Siwatu akavitazama vidole vyake, akavichukia. "Basi nipelekeni," alisema.

Jioni hiyohiyo Hemedi akapakia sanduku garini. Mama akaketi nyuma, balbu bado mkononi. Kidole gumba kikapapasa kitako cha balbu: kilikuwa laini, na pini mbili ubavuni. Holda ya chumbani mwake ilikuwa ya skrubu, isiyoshika balbu ya pini; marehemu mumewe aliifunga mwenyewe.

"Hemedi, mwanangu, balbu hii..."

"Tulishaongea, mama." Akaondoa gari.

Bi Siwatu akageuka. Dirisha la chumba chake liliwaka, na kivuli cha Sharifa kikashuka kwenye stuli.