Ubani Kaununua Mwenyewe

Ubani wa kumlaani, Mwajabu aliununua mwenyewe. Alichagua ule mzuri, akamwambia muuzaji wa sokoni Bagamoyo asimpunje, maana shughuli ilikuwa kubwa na mhusika mkuu alikuwa yeye.

"Mama, una wazimu?" Swaumu, binti yake, alimkuta nyumbani akisugua chetezo kwa majivu. "Watu wanakusomea Halbadiri, wewe unawaandalia moshi?"

"Ubani ukiwa mbaya watasema ndiyo maana haikunipata."

Wiki ya tatu sasa pampu ya kisima cha msikiti ilikuwa haionekani. Kufuli la banda lake halikuvunjwa. Ufunguo mmoja ulining'inia shingoni mwa Mwajabu, mfagizi wa msikiti. Wa akiba ulilala ndani ya kabati la misahafu, ambako, kwa fikra za watu, mwizi hafiki. Basi kesi ikaisha kabla haijaanza. Bi Arafa wa nyumba ya tatu ndiye aliyeitangaza, na Bi Arafa akitangaza jambo, redio hupumzika. Kamati nayo ikaamua isomwe Halbadiri, ile dua ya kumwapiza mwizi asiyejulikana, ingawa wote walijiona wanamjua.

Mwajabu aliapa mara moja tu mbele ya kamati kwamba hakuichukua. Baada ya hapo akanyamaza. Hakunyamaza kwa upole. Ulimi wake ulikuwa mkali kumshinda Arafa, na kila asubuhi aliumeza mzima mzima. "Nimekuachia Wewe," alimwambia Mungu. "Lakini usichelewe, nafsi yangu unaijua." Kisha akachukua ndoo. Bila pampu, hodhi la kutawadhia lilijazwa kwa mkono, na mkono ulikuwa wake. Watu wakatawadha kwa maji yake, wakaswali, wakatoka wakamsema.

"Wakose maji hata siku moja, wakuheshimu," Swaumu alimsihi.

"Maji ni ya kumwabudia Mungu, si ya Arafa. Nikigoma, nitakuwa nimemgomea nani?"

Mtu mmoja tu hakumsema: Maalim Mikdad, mwalimu wa madrasa. Huyo kila baada ya siku mbili tatu alisimamisha pikipiki mlangoni kwake, akampa shikamoo, akamwachia fungu la mchicha kutoka shambani kwake Kaole. Mchicha mbichi, majani mapana, na kiangazi chote kile. Mwajabu aliupokea huku machozi yakimlenga.

Ni Maalim pia, ambaye ndiye angeisoma, aliyejaribu kuizuia Halbadiri. Kwanza alisema mwezi haujakaa vizuri. Juma lililofuata akaumwa jino. Mwisho akasimama kikaoni, akasema, "Jamani, tumsamehe huyu mama. Pampu ni chuma tu."

Watu wakamsifu kwa huruma yake. Mwajabu peke yake alikasirika.

"Sitaki kusamehewa nisichofanya, maalim," alisema akiwa mlangoni, ndoo mkononi. "Wewe soma. Ukinionea huruma, nawe umenihukumu."

Mzee Mwinyijuma, mwenyekiti wa kamati, aligonga fimbo sakafuni. "Itasomwa Alhamisi, baada ya alasiri. Nawe Mwajabu, ukiona huwezi kukaa, ondoka mapema. Chumba kile tutampa mwingine."

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya msikiti. Ndimo alimoishi tangu mumewe afariki, na hakuwa na pengine pa kulaza kichwa. Tena alikuwa na hofu moja aliyomwambia Mungu tu: alikuwa na presha. Ikipanda wiki hiyo, hata kwa sababu ya chumvi, mtaa mzima ungesema Halbadiri imemshika.

Alhamisi ua wa msikiti ulijaa. Watu walikuja hadi kutoka Mbegani, maana asiyekuja angeonekana ana la kuficha. Mwajabu alitandika mikeka, akapanga makaa, akatia ubani wake, kisha akaketi mstari wa mbele wa wanawake, bega kwa bega na Bi Arafa.

"Hujachelewa kukiri," Arafa alimnong'oneza. "Halbadiri haina mchezo, shoga. Huanza na aliyeiba, kisha huingia kwa wanawe. Mwonee huruma Swaumu."

Mwajabu aligeuka, akamtazama binti yake aliyekaa nyuma kabisa. Mungu wangu, alisema kimoyomoyo, sina mwingine ila huyu. Halafu akaukaza uso.

"Swaumu!" aliita, kila mtu akasikia. "Njoo ukae hapa mbele, karibu yangu."

Swaumu alipita katikati ya watu, akaketi. Mwajabu akamshika mkono, ule mwingine akauinua kwa dua.

"Haya, maalim. Sisi tuko tayari."

Maalim Mikdad alifungua kitabu. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ndevu. Alisoma bismillahi, akanyamaza. Akaanza tena, akanyamaza tena. Mzee Mwinyijuma akakohoa. Maalim aliwatazama mama na binti walioshikana mikono, akakifunga kitabu taratibu, akakiweka juu ya mkeka.

"Mtafuteni msomaji mwingine," alisema bila kuinua macho. "Mimi nina watoto wadogo."